Boksi la Uno la projekti ya chuo: linunue, ila namba zake zihakiki

Wiki chache kabla ya kuwasilisha projekti, meza za maabara ya chuo cha uhandisi hufanana: bredibodi nyeupe (ubao wa kuchomekea vipuri bila kulehemu), nyaya za rangi rangi zilizosokotana kama tambi, na katikati bodi ya bluu iliyoandikwa UNO, kompyuta ndogo inayosoma sensa na kuendesha mota. Vifaa hivyo hutoka kwenye boksi moja la plastiki lenye vyumba vidogo, linalouzwa Kariakoo, kwenye kurasa za Instagram za wauza vipuri, na kwa wenzetu wa Nairobi pale barabara ya Luthuli. Kwa bei yake, boksi hili ni manunuzi mazuri kwa mwanafunzi wa uhandisi anayejifunza. Tatizo ni kwamba linaunganishwa na chanzo cha umeme kisichoifaa kazi, halafu namba zake zinapelekwa kwenye ripoti kama zilivyotoka kwenye sensa. Projekti nyingi hufia hapo.

Tunazungumzia boksi la kati. Ndani yake kuna nakala ya Arduino Uno R3, kebo fupi ya bluu, bredibodi ya matundu 830, LED na rizista, kioo cha LCD cha mistari 2 ya herufi 16, sensa ya DHT11 ya joto na unyevu, HC-SR04 ya kupima umbali, sevomota ya SG90 (mota inayogeuka hadi pembe unayoitaka), mota ya hatua ya 28BYJ-48 na dereva wake ULN2003, relei moja ya bluu (swichi inayowashwa na bodi), kisoma kadi cha RC522, rimoti, na kishikio cha betri ya volti 9. Boksi kubwa huongeza vikorombwezo ambavyo mwanafunzi hutoa mara moja, akavitazama, akavirudisha. Boksi dogo halina LCD wala relei, na utavifuata dukani ndani ya wiki.

Neno "nakala" lisikutishe. Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, waliweka michoro ya bodi zao wazi. Kutengeneza bodi ya muundo ule kunaruhusiwa, kinachokatazwa ni kubandika jina na nembo yao. Kwenye nakala, tofauti utakayoiona haraka ni chipu ya USB: bodi ya asili hutumia ATmega16U2, nakala hutumia CH340. CH340 haina ubaya. Windows 10 na 11 kwa kawaida huvuta zenyewe drava yake, programu ya kuitambua, ikiwa kuna intaneti. Kompyuta za zamani za maabara zitataka uiweke kwa mkono. Ukipakia programu ukaona maandishi mekundu yenye neno stk500_getsync, usikimbilie kusema bodi imekufa. Angalia mambo matatu kwa mfuatano huu: je, umechagua Uno kwenye orodha ya bodi? Je, umechagua bandari sahihi? (Chomoa kebo, angalia ni COM ipi imetoweka, hiyo ndiyo yako.) Je, kuna kitu kimechomekwa pini 0 au 1? Pini hizo mbili ndizo bodi inazoongelea na kompyuta, na moduli yoyote ikikaa hapo programu haipandi.

Kuna nakala za siku hizi zenye tundu la micro au Type-C. Hizo zina mtego mwingine: kebo ya kuchajia simu isiyo na nyaya za data. Taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni kitu. Badili kebo kabla ya kubadili drava.

Kwenye kaunta ya duka, dakika tano zinatosha kulipima boksi. Chomeka bodi kwenye laptopu. Taa ya ON iwake, na taa ndogo iliyoandikwa L ikonyeze, kwa sababu bodi nyingi hutoka kiwandani na programu ya kukonyeza. Pakia programu yoyote fupi, ukibadili muda wa kukonyeza, ili ujue chipu inapokea. Kisha shika mita ya kupimia umeme, pima kati ya pini ya 5V na GND. Ukisoma kati ya 4.7 na 5.1, sawa. Pitisha sumaku ndogo juu ya nyaya za kuchomeka: zikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Zitafanya kazi ya kuwasha LED, lakini usije ukapitisha mkondo mkubwa humo. Mwisho angalia bredibodi: kwenye baadhi yake ile mistari ya umeme ya pembeni, nyekundu na bluu, imekatika katikati ya urefu. Ukiona rangi imeachia nafasi pale kati, ujue na chuma cha ndani kimeachia. Watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kwa nini nusu ya saketi haina umeme, kumbe ni pengo la sentimita moja tu.

Umeme

Hiki ndicho kipengele ambacho boksi lenyewe linakupotosha, maana limekuwekea kishikio cha betri ya volti 9 kana kwamba hiyo ndiyo njia. Betri ile ya mraba ni ya rimoti na ving'ora vya moshi. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Sevomota ikianza kuzunguka, volti zinaporomoka, bodi inazima na kuwaka upya. Mwanafunzi anaona programu "inarudi mwanzo" na kuanza kusaka kosa kwenye kodi, yaani maandishi ya programu. Kodi haina kosa.

Njia ya pili ya kujichongea ni adapta ya volti 12 kwenye tundu la duara. Bodi inaipokea (inashauriwa kati ya 7 na 12), lakini kirekebishi chake, chipu inayoshusha umeme hadi volti 5, hushusha volti kwa kuzigeuza kuwa joto. Piga hesabu: vifaa vyako vikivuta mkondo wa 300 mA (milliampia), kirekebishi kinapaswa kuchoma (12 − 5) × 0.3, yaani wati 2.1, na hakina hata bati la kupoozea. Kikiguswa kinaunguza kidole, kisha kinajizima chenyewe, kinapoa, kinawaka tena. Kwa adapta ya volti 9 joto hilo linashuka hadi wati 1.2. Bora zaidi, tumia adapta ya 12 V pamoja na kishusha volti cha LM2596, ukirekebishe hadi 5.0 kwa mita kabla hujaunganisha chochote, kisha sevomota na relei zile umeme wake moja kwa moja kutoka hapo, si kutoka pini ya 5V ya bodi. Usisahau kuunganisha graundi (GND, upande hasi) ya kishusha na graundi ya bodi. Zisipokutana, ishara haina pa kulinganishwa na sevomota itatetemeka kama mtu mwenye homa.

Pini moja ya Uno inatakiwa kutoa 20 mA. 40 ndiyo kikomo cha kuungua, na pini zote kwa pamoja zisizidi 200. LED kupitia rizista ya 220 Ω huvuta karibu 14 mA, hapo uko salama. Rizista za boksi ni zile za bluu zenye mistari mitano, na nyekundu yake haitofautiki na kahawia chini ya taa ya bweni. Usikisie, pima kila moja kwa mita. Rizista ya 22 Ω mahali pa 220 haitasubiri mjadala.

Sensa na namba zake

DHT11 ni ya kujifunzia tu. Inapima joto kati ya 0 na 50 °C kwa kosa la ±2, na unyevu kwa kosa la ±5 kwa mia. Halafu unaona ripoti imeandika "wastani wa joto 30.524 °C". Desimali hizo zimetoka kwenye kugawanya, hazikutoka hewani. Ikiwa projekti yako inahusu kutotolesha vifaranga, ambako nusu nyuzi ina maana, DHT11 haifai kabisa. DHT22 ina kosa la karibu ±0.5 °C na hugharimu zaidi kidogo. Isubiri sekunde 2 kati ya kusoma na kusoma, la sivyo itakurudishia makosa. Kwa joto peke yake, hasa la maji au udongo, chukua sensa ya DS18B20 ile iliyofunikwa kwa chuma, uiwekee rizista ya 4.7 kΩ kati ya data na umeme. Uzijue namba zake mbili za uongo: ikisoma 85 kamili, hiyo ndiyo thamani ya kuamkia, yaani umeme wake uliyumba au hukuipa muda wa kupima, ikisoma −127, waya umeachia. Kabla ya kuchora grafu, zichuje namba hizo kwenye kodi. Grafu yenye mwiba wa nyuzi 85 katikati ya usiku ni aibu mbele ya jopo.

Kuhakiki unyevu hakuhitaji maabara ya gharama. Chukua kopo linalofunga vizuri, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, ibaki chumvi isiyoyeyuka. Weka sensa ndani bila kugusa chumvi, funga, acha usiku kucha mahali penye joto tulivu. Hewa iliyo juu ya chumvi hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Sensa ikisoma 81, una kosa la 6 unaloweza kulitoa kwenye kodi na kulitaja kwenye ripoti. Kwa joto, chembe za barafu iliyopondwa pamoja na maji kidogo, koroga, zamisha DS18B20: inapaswa kusoma 0. Mambo haya mawili yanachukua usiku mmoja, na supavaiza yeyote akiyaona kwenye sura ya tatu ya ripoti atajua anaongea na mhandisi.

Sensa za analogi zina ugonjwa wake. Chukua LM35, sensa ya joto inayotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi. Uno hugawanya volti za rejea katika hatua 1,024, na rejea ya kawaida ni umeme wa bodi yenyewe. Kodi nyingi zilizonakiliwa zimeandika 5.0. Sasa laptopu yako inatoa 4.7 V. Chumba kikiwa na nyuzi 30, sensa inatoa 300 mV, Uno inahesabu hatua 65, kodi inazidisha kwa 5.0 na kukuambia 31.7. Ukihamia kwenye chaja nyingine, chumba kilekile "kinapoa". Dawa ni mstari mmoja: analogReference(INTERNAL). Rejea inakuwa 1.1 V ya ndani ya chipu, haifuati chaja, na kila hatua inakuwa kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi badala ya nusu. Angalizo: ile 1.1 hutofautiana chipu hadi chipu, inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2. Ipime mara moja kwa mita kwenye pini ya AREF, andika namba uliyoiona kwenye kodi, na bodi ikibadilika upime tena.

HC-SR04 ndiyo mfalme wa projekti za kupima maji kwenye simtanki, na ndiyo inayodanganya watu kwa unyenyekevu zaidi. Inapiga mlio wa 40 kHz, inasubiri mwangwi, inakupa muda kwa maikrosekunde. Kila mtu anagawanya kwa 58 apate sentimita. Hiyo 58 imechukulia kuwa sauti inasafiri kwa karibu mita 345 kwa sekunde, sawa na hewa ya nyuzi 22 au 23. Ndani ya tanki jeusi lililoanikwa juani Dar es Salaam, hewa inaweza kufika 40, na hapo sauti inakimbia mita 355. Kama maji yako chini kwa sentimita 150, sensa itasema 145.5. Kwa tanki lenye kipenyo cha mita 1.2, sentimita hizo nne na nusu ni kama lita 50, ndoo mbili na nusu ambazo hazipo. Weka DS18B20 pembeni yake, tumia kasi = 331.4 + 0.6 × joto, na kosa hilo linaondoka kwa mistari mitatu ya kodi. Tena HC-SR04 haikuumbwa kwa mvuke. Macho yake mawili yataota kutu. Kwa tanki halisi nunua JSN-SR04T yenye kichwa kisichoingiza maji, ukikumbuka kuwa haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, kwa hiyo ipandishe juu ya kiwango cha maji kujaa.

Sensa ya unyevu wa udongo yenye uma wa miguu miwili, ile ya bei ya chini, inaliwa na umeme wake yenyewe. Mkondo ukipita muda wote, mguu mmoja unayeyuka ndani ya wiki chache na namba zinasogea polepole hadi shamba kavu lionekane limelowa au kinyume chake. Ile ya kapasita, isiyo na chuma kilicho wazi, hudumu zaidi. Ila ukingo wake wa juu ambako saketi imekaa lazima upakwe rangi ya kucha au gundi, maana maji huingilia hapo. Ukilazimika kutumia ya uma, ilishe umeme kutoka pini ya kidijitali, iwashe nusu sekunde, soma, izime.

Kuhusu mota ya hatua, neno moja. Karibu kila mfano wa kodi unasema mzunguko mmoja ni hatua 2,048. Gia za 28BYJ-48 nyingi si 64 kamili, ni 63.68, kwa hiyo mzunguko ni kama hatua 2,038. Kwa mzunguko mmoja hutaona. Kwa mizunguko kumi kishale chako kimepotoka kwa nyuzi 18, na paneli ya jua unayoifuatisha na jua inaangalia pembeni. Weka swichi ya kikomo, irudi sifuri kila asubuhi.

SIM800L, ambayo haimo boksini lakini utainunua tu

Projekti inayotuma ujumbe mfupi inapendwa sana vyuoni, na SIM800L ni moduli ndogo ya bei nafuu inayotumia laini ya 2G. Malalamiko juu yake hayana mwisho: "haishiki mtandao," "inazima ikipiga," "ni feki." Mara nyingi ni umeme. Inataka kati ya 3.4 na 4.4 V, kwa hiyo 5 V ya Uno inaizidi na 3.3 V haiifikii. Na inapoongea na mnara huvuta mishtuko ya hadi 2 A. Nyaya nyembamba za boksi zinaua mshtuko huo: ikiwa waya mmoja una ukinzani wa 0.15 Ω, kwenda na kurudi ni 0.3, mara 2 A unapoteza 0.6 V. Ulirekebisha 4.0, moduli inapata 3.4, iko ukingoni mwa shimo.

Fanya hivi. Kishusha LM2596 kirekebishwe 4.0 V bila mzigo. Kata nyaya nene, fupi kuliko kiganja, uzilehemu moja kwa moja kwenye moduli. Hapa bredibodi usiitumie. Kapasita ya 1000 µF, kipuri kinachohifadhi umeme kidogo wa kufidia mshtuko, ikae kwenye pini zenyewe za moduli, hasi kwenye graundi. Pini ya RX (ya kupokea) ya moduli haitaki 5 V ya Uno, basi igawanye kwa rizista mbili za 10 kΩ ili ipate 2.5. Chomeka antena kabla ya umeme. Kisha tazama taa: ikikonyeza kila sekunde, bado inatafuta, ikikonyeza kila baada ya sekunde tatu, imeshika mtandao. Tuma AT+CSQ, amri ya kuuliza nguvu ya mtandao, ikijibu namba chini ya 10, usisumbuke na kodi, sogea dirishani. Na laini iwe imeondolewa namba ya siri kwenye simu kwanza.

Relei ya boksi imeandikwa 10 A 250 V. Relei yenyewe pengine inaweza. Ile bodi ndogo iliyoibeba, yenye njia nyembamba za shaba na alama za lehemu zilizo wazi kwa chini, haiwezi. Tunaiamini kwa taa. Kwa pampu ya maji ya nguvu farasi moja, ambayo wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, relei iwashe kontakta (swichi kubwa ya umeme), na kontakta ndiyo iwashe pampu. Vinginevyo midomo ya relei inagandana na pampu haizimi hata programu ikiamuru. Dalili nyingine ni LCD kujaa herufi za ajabu kila pampu inapozima: hiyo ni cheche. Rizista ya 100 Ω kwa mfululizo na kapasita ya 0.1 µF ya daraja la X2 (la umeme wa ukutani), kati ya midomo ya relei, hupunguza sana. Chochote chenye 230 V kifungwe ndani ya boksi la plastiki kabla ya kuletwa chumbani. Bredibodi na umeme wa ukutani havikai meza moja.

LCD ikiwaka taa bila maandishi, zungusha skrubu ya bluu iliyo nyuma kwa bisibisi ndogo. Ikionyesha mstari wa viboksi vyeusi tu, haijaanzishwa na kodi: badili anwani yake ndani ya kodi kutoka 0x27 kwenda 0x3F. RC522 nayo inakula 3.3 V. Ukiipa 5 unaweza kuizika hapo hapo. Na kwa wale wa mahudhurio kwa kadi: namba ya utambulisho ya kadi hizo nyeupe inaweza kunakiliwa kwenye kadi nyingine, kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kuwa mfumo wako "unazuia udanganyifu".

Kukusanya data

Hapa ndipo projekti ya mwaka wa nne inapojaribu kuwa utafiti, na Uno inaonyesha mipaka. Ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. LCD, kadi ya kuhifadhia na ujumbe wa maneno marefu vikikutana, inaanza kujizima bila mpangilio. Weka maandishi yote ndani ya F("...") yabaki kwenye kumbukumbu ya programu, na uepuke aina ya String kwenye kitu kitakachokesha. EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 kwa kila kisanduku. Ukiandika mahali pamoja kila sekunde, umeimaliza dhamana hiyo kwa saa 28 hivi.

Saa ndiyo inayosahaulika. Mapigo ya Uno yanatoka kwenye kauri, si fuwele, na yanaweza kupotoka hadi nusu ya asilimia, yaani dakika 7 kwa siku. Ukilinganisha data zako na za kituo cha hali ya hewa baada ya mwezi, vilele havitakutana. Nunua moduli ya saa ya DS3231. Ila ile moduli yake ya kawaida ina njia ya kuchaji betri, na wauzaji huweka betri ya kidonge ya CR2032 isiyochajika. Ng'oa rizista ya 200 Ω iliyo kando ya dayodi ndogo, la sivyo siku moja betri itavimba. Umeme ukikatika, saa inaendelea. Na umeme utakatika, kwa hiyo programu yako ifungue faili, iandike mstari, ifunge faili, kila mara. Faili iliyoachwa wazi hupoteza yale yote ambayo hayajashuka kwenye kadi.

Je, uache Uno uende moja kwa moja ESP32, bodi yenye Wi-Fi ndani yake? Kama unahitaji Wi-Fi, ndiyo, lakini ujue unachoingia. Pini zake ni za 3.3 V, na mwangwi wa HC-SR04 wa 5 V lazima ugawanywe. Kipimo chake cha analogi kina hatua 4,096 zinazopinda kwenye ncha zote mbili, na nusu ya pini hizo za analogi hazisomi kitu wakati Wi-Fi imewashwa. Inashika mtandao wa 2.4 GHz pekee, na Wi-Fi ya chuo yenye ukurasa wa kuingiza jina na nywila mara nyingi itakushinda. Panga kutumia simu yako kama kituo siku ya maonyesho, na ununue bando mapema.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetaka kuzoea, boksi la kati linatosha na watu wanne wanaweza kuchangia. Kwa wa mwaka wa nne aliyekwisha kuchagua mada, boksi zima ni hasara: nunua bodi mbili za Uno (moja itaungua wiki ya mwisho), sensa halisi ya kazi yako, LM2596 mbili, kapasita za 1000 µF, na mita. Ile mita ya njano ya DT-830 inafaa kwa kazi hizi za volti ndogo, ukijua kuwa tundu lake la 10 A halina fyuzi. Ukimaliza kupima mkondo, rudisha waya mwekundu tundu la volti saa hiyo hiyo, kabla hujaiweka mita mezani.